Saratani ya puru: Matundu madogo au kufunguliwa tumbo?

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa aliyeambiwa ana saratani ya puru, huenda umeshapokea ushauri wa aina mbili. Jirani mmoja anakuambia, "Siku hizi hawapasui tena, wanatoboa matundu tu, kesho yake mtu anatembea." Mwingine anasema, "Achana na hayo. Saratani haitolewi kwa tundu, lazima tumbo lifunguliwe daktari aone kwa macho yake." Wote wawili wana nia njema, na kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Zamani swali hili lilikuwa la watu wa mijini. Sasa limefika Utete, Ikwiriri, Kibiti na hadi vijiji vya delta, kwa sababu habari za upasuaji wa matundu madogo zinasikika redioni na kwenye simu kila siku. Familia zinaanza kujiuliza kama ziuze shamba la mpunga au ekari za mikorosho ili mgonjwa apate "upasuaji wa kisasa". Nyingine zinamsubirisha mgonjwa nyumbani miezi kadhaa mpaka fedha itimie. Huko kusubiri ndiko kunakotutia hofu, na ndiyo sababu wiki hii tunazipima njia hizi mbili: zimeonyesha nini zilipolinganishwa, na zina maana gani kwa mgonjwa anayeanzia safari yake Rufiji.

Puru ni nini, na ugumu uko wapi?

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kama sentimita 15, inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Imekaa ndani kabisa ya mifupa ya nyonga, mahali pembamba. Kwa mwanamume imepakana na kibofu na tezi dume. Kwa mwanamke imepakana na mfuko wa uzazi na uke. Pembeni mwake hupita mishipa ya fahamu inayoongoza mkojo na tendo la ndoa. Daktari anayeondoa uvimbe hapo anafanya kazi kama mtu anayechomoa kitu chini ya mtungi wenye shingo nyembamba, huku hataki kugusa kuta zake.

Puru imezungukwa na mafuta yaliyofunikwa kwa utando mwembamba. Ndani ya mafuta hayo zimo tezi ndogo za limfu, na seli za saratani hupenda kujificha humo kabla ya kusambaa. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Bill Heald wa hospitali ya Basingstoke, na wenzake walieleza kwamba kifurushi hicho kinapaswa kutolewa kizima pamoja na uvimbe, bila utando wake kuchanika. Kabla ya hapo saratani ilikuwa ikirudi mahali palepale kwa wagonjwa wengi sana. Madaktari waliojifunza njia hiyo waliona idadi hiyo ikishuka mno.

Likumbuke jambo hili unapoendelea kusoma. Swali la kwanza katika saratani ya puru ni kama kifurushi kimetoka kizima. Ukubwa wa kovu unakuja baadaye.

Njia mbili, kazi moja

Katika upasuaji wa kufungua tumbo, daktari huchana kuanzia karibu na kitovu, mara nyingi juu yake kidogo, hadi chini karibu na mfupa wa kinena. Anaona na kugusa moja kwa moja.

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ili ngozi inyanyuke na kuacha nafasi. Daktari hutoboa matundu manne au matano, mengi yakiwa na upana wa sentimita moja au chini yake. Tundu moja hupitisha kamera, na mengine hupitisha vifaa virefu vyembamba. Yeye na wasaidizi wake hufanya kazi wakitazama skrini. Mwishoni hufungua mchano mmoja wa sentimita chache ili kutoa kipande cha utumbo, kwa sababu hakiwezi kupita kwenye tundu.

Kwa hiyo anayesema "hawapasui tena" amekosea. Ndani ya tumbo kazi ni ileile: utumbo hukatwa, mishipa ya damu hufungwa, na mara nyingi ncha mbili za utumbo huunganishwa. Njia zote mbili zinahitaji nusu kaputi. Zote ni upasuaji mkubwa, na katika zote mbili kiungo cha utumbo kinaweza kuvuja, damu ikapotea, au mishipa ya mkojo na ya tendo la ndoa ikajeruhiwa.

Zilipowekwa kwenye mizani

Utafiti mmoja mkubwa uliolinganisha njia hizi kwa saratani ya puru ulihusisha hospitali 30 katika nchi 8, nyingi za Ulaya, pamoja na Kanada na Korea Kusini. Ulikuwa na wagonjwa 1,044. Matokeo ya muda mfupi yalitoka mwaka 2013, na ya miaka mitatu yakatoka mwaka 2015.

Tuanze na faida za matundu. Kwa kawaida waliofanyiwa matundu walipoteza damu mililita 200, na waliofunguliwa tumbo walipoteza 400. Utumbo wao uliamka siku ya pili badala ya siku ya tatu. Waliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku 8, na wenzao baada ya siku 9.

Upande wa pili, upasuaji wa matundu ulichukua dakika 240, na wa kufungua dakika 188. Matatizo baada ya upasuaji yalikaribiana katika makundi yote mawili.

Baada ya miaka mitatu, saratani ilikuwa imerudi kwenye nyonga kwa asilimia 5 ya wagonjwa wa matundu na asilimia 5 ya waliofunguliwa. Waliokuwa hai ni asilimia 86.7 upande wa matundu na asilimia 83.6 upande wa kufungua, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ushindi wa upande wowote. Utafiti wa Korea Kusini wenye wagonjwa 340 nao haukuona njia ya matundu ikiwa nyuma.

Mwaka huohuo wa 2015, tafiti nyingine mbili ziliwafanya madaktari wakune vichwa. Moja ilifanyika Marekani na Kanada, nyingine Australia na New Zealand. Zenyewe zilitazama kile kifurushi: je, kimetoka kizima, na kingo zake hazina saratani? Katika ule wa Amerika, upasuaji ulihesabiwa kuwa umefanikiwa kwa vipimo hivyo kwa takriban wagonjwa 82 katika kila 100 wa matundu, na 87 katika kila 100 wa kufungua. Katika ule wa Australia ilikuwa 82 kwa 89. Watafiti walisema hawawezi kuthibitisha kwamba njia ya matundu inalingana na ya kufungua. Walipowafuatilia wagonjwa hao kwa miaka miwili, hawakuona tofauti ya wazi katika kurudi kwa saratani au katika kuishi.

Ukizichanganya zote, unapata jibu hili: mikononi mwa daktari aliyebobea, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, njia ya matundu inatibu saratani ya puru kwa kiwango kinachokaribiana na njia ya kufungua, na mgonjwa anapata nafuu mapema kidogo. Mikononi mwa asiyebobea, hatari ya kuchana kile kifurushi ipo.

Na roboti je? Wanaotafuta tiba India au Ulaya huonyeshwa matangazo yake. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wagonjwa 471 ulilinganisha roboti na matundu ya kawaida. Haukuonyesha tofauti ya uhakika katika idadi ya wagonjwa ambao tumbo lililazimika kufunguliwa katikati ya kazi. Usiuze nyumba kwa ajili ya jina la mashine.

Siku moja ina thamani gani?

Tofauti ya kukaa wodini katika utafiti ule mkubwa ilikuwa siku moja. Anayeuza shamba ili apate matundu ajiulize kama ananunua tiba ya saratani iliyo bora zaidi, au siku moja pungufu ya wodi na kovu dogo. Kwa ushahidi uliopo, ananunua hivyo viwili vya mwisho, pamoja na maumivu pungufu siku za mwanzo.

Hata hivyo, faida hizo tusizidharau. Chupa moja ya damu ya kuongezewa ina kama mililita 450, kwa hiyo kuokoa mililita 200 ni karibu nusu chupa. Ndugu waliowahi kutafutwa wachangie damu wanajua uzito wake. Kidonda kidogo nacho kina nafasi ndogo ya kuoza. Mkulima wa mpunga au mvuvi anayepiga kasia anataka misuli ya tumbo irudi kazini. Aliyefunguliwa tumbo huambiwa asinyanyue ndoo ya maji, jembe wala mzigo mzito kwa wiki sita hadi nane, kwa sababu mshono wa ndani ukiachia hupata ngiri ya kovu. Wa matundu naye hupumzishwa, ingawa mara nyingi hurudi kazini mapema.

Kwa hiyo kama hospitali uliyopelekwa inafanya njia ya matundu kwa saratani ya puru, daktari amezoea kazi hiyo na bima au uwezo wako unaifikia, ikubali kwa moyo mkunjufu. Kama haipo, na daktari mzoefu yuko tayari kufungua tumbo wiki ijayo, usimkimbie. Waswahili walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mgonjwa wetu hakuwemo kwenye tafiti hizo

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalisemi. Utafiti ule wa nchi 8 haukupokea wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa umevunja ukuta wa puru na kuingia viungo vya jirani. Matokeo mazuri ya matundu yalitoka kwa watu waliowahi.

Wagonjwa wetu wengi hawawahi. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa zaidi ya 300 wa saratani ya utumbo mpana na puru, waliona wengi wamefika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu walikuwa na umri chini ya miaka 50. Uvimbe mkubwa ulioshikamana na kibofu au mfuko wa uzazi, mara nyingi daktari ataona ni salama zaidi kufungua tumbo. Akikuambia hivyo, usidhani anakunyima cha kisasa. Anakitafutia kifurushi njia ya kutoka kizima.

Wengine ambao huenda wakashauriwa kufunguliwa ni wanaume wenye nyonga nyembamba na uvimbe wa chini, wenye unene mkubwa, waliowahi kupasuliwa tumbo mara kadhaa, na wenye maradhi ya moyo au mapafu yasiyovumilia tumbo kujazwa gesi na kichwa kulazwa chini kwa saa kadhaa.

Mkono wa daktari

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 794 wa saratani ya utumbo mpana na puru, una funzo kubwa. Katika mwaka wa kwanza, kati ya kila wagonjwa 100 walioanza kwa matundu, 38 iliwabidi wafunguliwe tumbo katikati ya kazi. Kufikia mwaka wa sita walikuwa 16. Mashine hazikubadilika sana. Mikono ndiyo iliyozoea. Waliofunguliwa katikati walipata matatizo mengi zaidi kuliko wenzao.

Hapa kwetu, hospitali kubwa zimekuwa zikiongeza upasuaji wa matundu kwa kazi kama kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe. Kutoa mfuko wa nyongo na kutoa puru yenye saratani ni safari mbili tofauti, kama kuvuka mto kwa mtumbwi na kwenda Mafia kwa mtumbwi huohuo. Ukiambiwa "hapa tunafanya matundu", uliza: matundu ya kazi gani?

Yanayookoa maisha zaidi ya aina ya mchano

La kwanza ni kuhakikisha ugonjwa. Kinyama kidogo hukatwa na kupelekwa maabara. Bila jibu la maabara hakuna anayepaswa kutolewa puru kwa kisingizio cha saratani.

La pili ni picha. Kipimo cha MRI cha nyonga huonyesha uvimbe umefika wapi na kama umekaribia ule utando. CT skani ya kifua na tumbo huonyesha kama ugonjwa umefika kwenye ini au mapafu. Daktari anayepanga upasuaji bila picha ni nahodha anayeingia mdomo wa delta usiku bila kujua maji yanakupwa au yanajaa.

La tatu ni mionzi kabla ya upasuaji kwa wanaoihitaji. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2001 uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 1,800, na wote walifanyiwa upasuaji wa aina ya Heald. Baada ya miaka miwili, saratani ilirudi mahali pake kwa asilimia 8.2 ya waliopasuliwa bila mionzi, na kwa asilimia 2.4 tu ya waliopata mionzi kwanza. Linganisha na asilimia 5 kwa 5 ya matundu na kufungua. Mpangilio wa tiba ulileta tofauti ambayo aina ya mchano haikuleta.

Mionzi hiyo ina namna mbili. Ipo ya muda mfupi, siku tano tu. Ipo ya muda mrefu, wiki tano hivi, mara nyingi pamoja na dawa za saratani. Mkazi wa Dar es Salaam hurudi kulala kwake kila siku. Mtu wa Utete lazima atafute pa kulala, nauli na mtu wa kumpikia. Muulize daktari: je, ugonjwa wangu unaruhusu ile ya siku tano? Si kila uvimbe unafaa, lakini swali ni halali, na jibu linaweza kukuokolea mwezi mzima wa kulala ugenini.

Msichana au mwanamke anayetaka kuzaa bado aseme mapema, kwa kuwa mionzi ya nyonga huua mayai na kudhuru mfuko wa uzazi. Vijana wa kiume nao waulize kuhusu mbegu zao. Aibu ya dakika tano ni nafuu kuliko majuto ya miaka.

Na mfuko wa choo?

Wengi huomba matundu wakiamini yatawaepusha na kutolea choo tumboni kwenye mfuko. Sivyo. Kinachoamua ni umbali wa uvimbe kutoka kwenye misuli ya njia ya haja. Uvimbe ukiwa umeila misuli hiyo, mfuko utakuwa wa kudumu kwa njia yoyote. Uvimbe ukiwa juu kidogo, mfuko huwekwa kwa muda ili kiungo kipone, na baada ya miezi kadhaa hurudishwa kwa upasuaji mdogo zaidi.

Kabla ya kutoka hospitali omba ufundishwe kuubadilisha, pamoja na ndugu mmoja. Uliza mifuko inapatikana wapi na utabeba mingapi. Kama ni utumbo mwembamba uliotolewa nje, choo huwa cha majimaji, na kwenye joto la bonde la Rufiji mwili hukauka upesi. Weka paketi za chumvichumvi za kuharisha nyumbani. Mkojo ukipungua na kizunguzungu kikianza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mfuko anaoga, anaswali, anakwenda kanisani, anakula na watu. Msimfiche.

Safari kutoka Utete

Hatua ya kwanza haihitaji kamera wala Dar es Salaam. Saratani nyingi za puru zinafikiwa kwa kidole cha daktari chenye glavu. Kipimo hicho huchukua dakika mbili na kinaweza kufanywa katika hospitali ya wilaya Utete. Tatizo letu ni kwamba damu kwenye choo huitwa bawasiri kabla ya mtu yeyote kutazama. Mgonjwa hupewa dawa ya mizizi, kisha dawa ya minyoo, kisha ya amiba, na mwaka unapita.

Nenda ukapimwe ukiona damu kwenye choo inayojirudia, choo kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi haja kila mara na ukienda hakitoki kitu, kuharisha na kufunga choo kwa zamu kwa zaidi ya wiki tatu, kukonda, au kuishiwa damu bila sababu. Waweza kweli kuwa na bawasiri. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, kwa hiyo sema wazi: "Naomba nipimwe kwa kidole." Mama anaweza kuomba mhudumu wa kike.

Uvimbe ukihisiwa, barua ya rufaa hufuata. Kwa utaratibu, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha, ambako mtu wa Utete hufika baada ya kukaribia au kupita Dar es Salaam kwanza. Muulize daktari wako kama hali ya mgonjwa inaruhusu rufaa ya moja kwa moja Muhimbili, ili usizunguke mara mbili. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, nayo ni jirani. Beba majibu yote ya vipimo, hasa la kinyama, yasije yakarudiwa kwa gharama yako.

Panga pia majira. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha jinsi Rufiji na Kibiti zinavyoweza kukatika. Mwenye mgonjwa delta asingoje masika akijua tarehe ya kliniki iko Aprili.

Kwa fedha, pitia mambo matatu kabla ya kuuza chochote. Uliza mfuko wako wa bima unalipia nini hasa, kwa kuwa vifaa vya matundu vya kutumika mara moja ni ghali na vinaweza kubaki juu yako. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yako, kwa maana ipo kwa ajili ya wasio na uwezo. Kisha omba hesabu ya maandishi ya njia zote mbili, uzilinganishe.

Dharura ina sheria yake. Tumbo likivimba, mgonjwa akitapika, hapati choo wala hatoi upepo, utumbo umeziba. Hapo usiulize matundu wala usisubiri boti ya kesho kwenda mbali. Hospitali ya karibu yenye daktari wa upasuaji inaweza kutoa utumbo nje ili choo kipite na kuokoa maisha. Saratani yenyewe itashughulikiwa baadaye kwa utulivu.

Maswali ya kumuuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi uende nayo, na ndugu mmoja asikilize pamoja nawe:

1. Uvimbe uko sentimita ngapi kutoka njia ya haja, na umefika wapi kwa mujibu wa picha?
2. Je, nahitaji mionzi au dawa kwanza? Ya siku tano inanifaa?
3. Unanishauri matundu au kufungua, na kwa nini kwangu mimi?
4. Umefanya upasuaji wa saratani ya puru mara ngapi kwa njia hiyo? Ni wangapi iliwabidi wafunguliwe katikati?
5. Nitawekewa mfuko? Wa muda au wa kudumu?
6. Nikisubiri njia nyingine, ni muda gani salama?
7. Baada ya upasuaji, maabara itasema kama kimetoka chote? Nitapewa nakala?

Swali la nne si utovu wa adabu. Liulize kwa heshima, "Samahani daktari, naomba kufahamu uzoefu wa hapa." Daktari mzuri hujibu. La saba nalo usilisahau, kwa kuwa karatasi ya maabara ndiyo itakayosema kama kifurushi kilitoka kizima na kingo zake ni safi. Kovu lako haliwezi kukuambia hilo.

Neno kwa wazazi

Mtoto mdogo akitoa damu kwenye choo, mara nyingi sababu ni kuhara damu, choo kigumu kilichochana, au kinyama kisicho saratani. Mpeleke apimwe, usiingiwe na hofu kubwa. Kijana wa miaka 20 au 30 naye asiambiwe "wewe ni mdogo, huwezi kuwa na saratani". Takwimu za Bugando zinatukataza.

Kama wewe mzazi umepatikana na ugonjwa huu, waambie watoto na ndugu zako wa tumbo moja. Ushauri wa kawaida ni kwamba wachunguzwe wakifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri uliougua wewe, kutegemea upi unatangulia. Uliyepatikana na miaka 45, mwanao aanze kuchunguzwa akiwa na 35. Siri ya aina hii haimlindi mtu.

Baada ya upasuaji hudhuria kliniki hata ukijisikia mzima. Saratani inayorudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, na ikionekana mapema bado kuna la kufanya.

Kwa hiyo mwenye damu kwenye choo asianze na swali la matundu au kufungua. Aanze na kidole cha daktari wa Utete wiki hii, kisha kinyama, picha na mionzi ikihitajika. Akifika kwenye meza ya upasuaji akiwa amewahi, huenda njia zote mbili zikawa wazi kwake. Akichelewa, ugonjwa ndio utakaomchagulia.